Jumamosi zako ni ngapi? Kuamua kama upandishe bei ya picha za harusi

Mwaka una Jumamosi 52, lakini mpiga picha wa harusi wa Nakuru, Kisumu au Kakamega hazimfai zote. Januari watu wanalipa karo. Kwaresima ikiingia, parokia nyingi za Katoliki hazifungishi ndoa za sherehe. Harusi hujazana Aprili, Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watu wa Nairobi na ng'ambo wamerudi nyumbani. Miezi hiyo mitatu ina Jumamosi 13 hivi. Ukiwa na wateja Wasabato, ambao ni wengi Nyanza na Kisii, unaongeza Jumapili kadhaa, maana Jumamosi kwao ni Sabato. Riziki ya mwaka iko hapo, na swali la kupandisha bei ni swali la hizo siku chache: zinajaa au hazijai, na kila moja inakuachia nini mfukoni.

Wengi huanzia upande mwingine. Wamesikia fulani wa Nairobi analipwa laki mbili, au wamechukua kamera mpya kwa mkopo, basi bei inapanda. Mkopo wa kamera ni wako, bibi harusi haumhusu. Wengine hawapandishi miaka mitano mfululizo kwa kuogopa simu kunyamaza. Wote wawili hawajashika kalamu.

Harusi moja inakuachia ngapi?

Tuchukue mpiga picha wa Kisumu anayetoza shilingi 60,000 na kufanya harusi 20 kwa mwaka. Takwimu hizi ni za mfano. Weka zako, ila usiruke mstari hata mmoja. Harusi iko Kakamega, kilomita 50 hivi.

Msaidizi, yaani mpiga picha wa pili: 8,000. Usafiri wa watu wawili na mizigo, kwenda na kurudi usiku: 5,000. Chakula, simu na bando: 1,500. Albamu moja pamoja na kuisafirisha: 9,000. Diski: 1,500. Jumla ni 25,000, na kwenye 60,000 umebaki na 35,000.

Mstari wa diski ndio watu hucheka nao, kwa hiyo tuuangalie. Kamera ya megapikseli 24 inatoa faili ghafi ya karibu MB 30. Wewe ukipiga picha 3,000 na msaidizi 1,500, hiyo ni GB 135 kwa harusi moja. Diski ya terabaiti 2 inajaa baada ya harusi 13 au 14, na nakala lazima ziwe mbili, kwenye diski mbili tofauti zinazolala nyumba mbili tofauti. Diski mbili kwa 20,000 ukigawanya kwa harusi 13 unapata hiyo 1,500. Anayesema hana gharama ya diski, huyo anafuta za mwaka jana ili apate nafasi, na siku mteja atakaporudi akisema simu yake imeibwa na picha zote zimeenda, hatakuwa na la kumjibu.

35,000 bado si yako yote. Kamera inachakaa kwa idadi ya picha. Shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila unapopiga, kwa kamera nyingi za kati hukadiriwa na watengenezaji kufikia picha 150,000. Za bei nafuu 100,000. Ukipiga 3,000 kila harusi, hiyo 150,000 ni harusi 50. Kamera ya 180,000 kwa harusi 50 ni 3,600 kila Jumamosi. Shata inaweza kuvuka hapo, lakini pia inaweza kukwama katikati ya viapo, ndiyo maana anayelipwa hubeba kamera mbili. Kisumu ongeza kuvu: unyevu wa ziwa huingia kwenye lenzi iliyofungiwa begini miezi ya mvua, na kuisafisha si kazi ya kitambaa. Nakuru adui ni vumbi, ambalo husemwa ndilo lililoupa mji jina, na doa moja kwenye sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, huonekana kwenye kila picha iliyo na anga.

Halafu kuna zinazolipwa kila mwezi uwe na kazi au usiwe nayo: kodi ya chumba, umeme, intaneti, leseni ya biashara ya kaunti, na programu ya kuhariri ambayo hutozwa kwa dola. (Mwanzoni mwa 2024 dola ilivuka shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 129, asiyeweka akiba kwa mambo kama hayo huyalipa kutoka pesa za chakula.) Tuseme ni 12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 144,000, na kwa harusi 20 ni 7,200 kila moja.

35,000 toa 3,600, toa 7,200, inabaki 24,200. Sasa hesabu saa: kukutana na maharusi 2, kuandaa vifaa 2, siku yenyewe 14 kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi unaporudi saa moja jioni, kuhamisha faili 2, kuchagua 5, kuhariri picha 600 kwa dakika mbili mbili 20, kupanga albamu 5. Hizo ni saa 50. Gawanya: shilingi 484 kwa saa.

Kodi ya serikali haijaingia. Mauzo yako yakivuka milioni 1 kwa mwaka, na harusi 20 za 60,000 ni milioni 1.2, muulize mhasibu kama unaangukia kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Hiyo hutolewa kwenye mauzo yote, faida iwepo isiwepo. Kwa kila 60,000 ni 1,800. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 iko mbali kidogo, kwa sababu huanza kukulazimu mauzo yakifika milioni 5.

484 ni nzuri au mbaya? Ilinganishe na unachoweza kupata kwa saa hizo hizo: picha za mahafali ya Egerton, Maseno au Masinde Muliro, picha za familia, kazi za kampuni. Kama mahafali ya siku moja yanakupa mara mbili ya hiyo kwa saa na huhariri mpaka usiku wa manane, bei yako ya harusi iko chini hata kama simu inalia kutwa.

Daftari la waliouliza

Gharama zinakuambia chini ya wapi usishuke. Hazikuambii soko litakubali nini. Hilo linajibiwa na daftari la shilingi hamsini.

Kila anayeuliza bei, andika: siku aliyouliza, tarehe ya harusi, mahali, alikupata kupitia nani, bei uliyomtajia, na kilichotokea. Ukifika watu 30 soma. Wanaouliza na kupotea bila kujibu waandike pia. Wao ndio wengi, na ukiwasahau utajidanganya.

Cha kutazama kwanza ni waliokosa nafasi. Ni wangapi umewaambia "siku hiyo nimeshashikwa"? Ukiwa umewafukuza watu wanne kwa Jumamosi moja ya Desemba, siku hiyo uliiuza kwa bei ya chini, kwa yule aliyewahi tu. Cha pili ni umbali wa tarehe: Jumamosi za Agosti zikiwa zimeisha Machi, panda. Zikiwa zinajazwa wiki mbili kabla, ngoja. Cha tatu ni wanaokubali. Kati ya kumi waliosikia bei yako, saba wakikubali bila hata kuuliza kama inapungua, wewe ndiye wa bei rahisi mjini. Watatu hadi watano ni kawaida. Chini ya wawili, tatizo huenda halipo kwenye bei: labda unajibu ujumbe baada ya siku mbili, au picha unazoonyesha ni za miaka minne iliyopita.

Walioipenda picha yako mtandaoni usiwahesabu. Hawafungi ndoa.

Unaweza kupoteza wateja wangapi?

Chukua kinachobaki sasa kwa harusi moja baada ya gharama za siku hiyo, gawanya kwa kitakachobaki ukipandisha, zidisha kwa idadi ya harusi zako.

Kwa mfano wetu, kinachobaki ni 35,000. Ukitoza 75,000, kitabaki 50,000. 35 kwa 50 ni 0.7, mara 20 ni harusi 14. Yaani wateja sita kati ya ishirini wanaweza kukukimbia na bado ukusanye 700,000 ile ile. Na zile saa 300 za harusi sita zimerudi kwako. Ukitoa gharama za mwezi na uchakavu wa kamera, kila saa sasa inakulipa 722 badala ya 484.

Ukipandisha kidogo, hadi 66,000, kinabaki 41,000 na unahitaji harusi 17 na kidogo. Hapo nafasi ya kupoteza ni wateja wawili tu. Ndiyo maana nyongeza ya woga haisaidii sana: mteja analalamikia elfu sita kama anavyolalamikia kumi na tano.

Sasa igeuze. Ukipunguza 10,000 kwa kila mteja anayelia, kinabaki 25,000, na ili upate 700,000 unahitaji harusi 28. Jumamosi nane zaidi, utazitoa wapi? Hesabu hii iandike kwenye karatasi ubandike ukutani, maana siku ya kupatana bei kichwa husahau.

Usipandishe bado kama

Una deni la picha. Kama harusi za Desemba hazijatoka na sasa ni Machi, maliza kwanza. Bei mpya juu ya deni la zamani huenea kanisani haraka kuliko picha zako nzuri zote.

Huna kamera ya pili, au kamera yako haina nafasi mbili za kadi za kuhifadhia picha. Anayelipa zaidi hanunui uhodari wako peke yake. Ananunua hakika kwamba kadi ikiharibika bado ana harusi. Na kama umefanya harusi chini ya 15 peke yako, bado unajifunza kwa gharama ya watu, kwa hiyo tulia.

Pandisha wapi kwanza

Si lazima kila kitu kipande siku moja. Anza na Jumamosi za Aprili, Agosti na Desemba, kwa sababu ndizo adimu. Bei ya sherehe za mahari, yaani ruracio ya Wakikuyu wa Nakuru, koito ya Wakalenjin au ayie ya Waluo, iache ilipo kwa sasa: ni kazi ya nusu siku, mara nyingi haina albamu, na familia inayofanya ruracio mwaka huu huenda ndiyo yenye harusi mwakani.

Kabla hata ya kugusa bei kuu, ziba panapovuja. Panapovuja zaidi ni saa. Programu ya harusi inasema ibada ni saa nne. Gari la bibi harusi linafika saa tano na nusu, mahubiri yanakwenda mpaka saa saba, na keki inakatwa saa kumi na mbili. Huku magharibi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, kwa hiyo zile picha za wawili walizoahidiwa Dunga au ukingoni mwa Menengai sasa zinapigwa kwa flashi, na lawama ni yako. Uza muda wa saa 10, tuseme saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kila saa ya ziada iwe 4,000, ambapo 1,000 ni ya msaidizi. Iandike kwenye mkataba na umkumbushe mshereheshaji asubuhi, si mzazi wakati wa keki. Pesa hiyo huwezi kuipata kila mara, lakini utaona programu ikianza kukimbia.

Pili ni usafiri. Ndani ya mji usitoze. Nje ya mji hesabu kilomita. Nakuru hadi Eldoret ni kama 155, na anayerudi kutoka huko saa nne usiku na vifaa vya laki tano garini anacheza kamari. Weka malazi ya watu wawili kama mstari wake. Kiingilio cha Hifadhi ya Ziwa Nakuru na kibali cha kupiga picha za kibiashara humo ni vya maharusi, na huulizwa shirika la wanyamapori, KWS, mapema, si langoni. Droni nayo iwe na bei yake peke yake na irushwe na mtu aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Tatu, acha kusema "kuanzia 40". Mteja husikia 40 pekee.

Lini, na kwa kiasi gani

Wakati mzuri ni Januari, msimu wa Desemba ukishaisha na kabla wachumba wa Agosti hawajaanza kuuliza. Aliyelipa arbuni anabaki na bei ya zamani hata harusi yake iwe Desemba. Aliyepewa kwotesheni bila kulipa apewe siku 14. Zikipita, bei ni mpya. Kila kwotesheni iandikwe siku yake ya kuisha, la sivyo mtu atakuletea ujumbe wa miaka miwili iliyopita na utakosa pa kusimama.

Kama umekuwa ukifukuza watu, asilimia 20 hadi 25 kwa mara moja si wendawazimu. Kama hujafukuza mtu lakini gharama zimekubana, nenda asilimia 10, na mwezi huo huo badilisha picha unazoonyesha: harusi tatu kamili, kuanzia maandalizi hadi keki, badala ya picha thelathini za machweo. Kamati ya harusi inataka kuona umepigaje ndani ya kanisa lenye giza na mabati yanayovuja mwanga.

Kuitamka bei

Ujumbe wenyewe kwa kawaida hutoka kwa mweka hazina wa kamati na ni mfupi: "Habari boss. Tuna harusi Jumamosi ya tatu ya Desemba, Kakamega. Ni ngapi?"

Jibu zuri lina kila kitu: "Habari yako dada, asante kwa kunitafuta. Siku hiyo bado iko wazi. Ni 75,000: wapiga picha wawili, muda wa saa kumi kuanzia maandalizi, picha 600 zilizohaririwa na albamu moja. Usafiri hadi Kakamega umo. Tarehe inashikwa kwa 30,000, na 45,000 inalipwa siku saba kabla ya harusi. Bei hii ni ya siku 14 kuanzia leo." Hakuna pole, hakuna maelezo ya gharama za maisha. Ukianza kujitetea kabla hujaulizwa, umeshapunguza.

Kisha mama wa bibi harusi anapiga mwenyewe: "Mwanangu, sisi ni watu wa kanisa tu. Kuna kijana hapa anafanya kwa 35. Tusaidie."

"Mama, naelewa kamati imebanwa. Kwa 35 kazi hii sitaiweza. Naweza kuondoa albamu na mpiga picha wa pili, iwe 58. Lakini hapo bwana harusi akivaa nyumbani kwao sitakuwepo, nitakuwa kwa binti."

Tazama hesabu: umeondoa 9,000 ya albamu na 8,000 ya msaidizi, na kinachobaki kwako bado ni 50,000. Kazi imepungua, malipo ya jasho lako hayajaguswa. Mara nyingi mama akisikia bwana harusi hatapigwa picha akivaa, mjomba mmoja hupatikana wa kuziba pengo. Asipopatikana, ni sawa vilevile.

Usije ukampa yeye 60,000 kimyakimya na mwingine 75,000 kwa kazi ile ile. Kisumu na Nakuru ni majiji kwa hati, lakini kwa kamati za harusi ni vijiji: mtu yule yule anakaa kamati tatu kwa msimu, na kwotesheni zako zitawekwa meza moja. Kwa ndugu na watu wa kanisa lako amua mapema, kwa mfano harusi mbili kwa mwaka kwa nusu bei, na zikiisha zimeisha.

Bei ikipanda, arbuni inapata uzito zaidi. Kamati hufanya kazi kwa ahadi, na ahadi zikikosa kulipwa, mstari wa picha hukatwa kabla ya ule wa chakula. Anayekubali kulipwa salio "baada ya harusi" anamdai nani? Kamati huvunjika Jumapili, na Jumatatu maharusi wako Mombasa.

Simu ikinyamaza baada ya kupandisha, usirudi nyuma mpaka watu kumi wawe wamesikia bei mpya, na usihesabu Januari na Februari, ambazo hunyamaza kila mwaka. Jumamosi ya msimu ikibaki wazi wiki tatu kabla, iuze kama siku ya picha za familia au ya mahafali kwa bei ya kazi hiyo, na bei ya harusi uiache ilipo.